Wachezaji tisa wamekwama ku nivo ya 7: nimsikilize nani?

Swali: "Kaka mkubwa, niko kijana wa Goma, Majengo, miaka 22, nasoma informatike. Nimetengeneza mchezo wa kufikiri wa telefone, mi peke yangu, miezi tisa. Kuko chukudu moja (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), miraba 8 kwa 8, mawe ya volkano na magunia ya makala (mkaa) ya kupeleka sokoni. Chukudu ikianza kuteremka haisimami mpaka igonge kitu. Nivo, yaani ngazi za mchezo, ziko 40. Nimepatia watu 14 wajaribu. Tisa wamekwama ku nivo ya 7. Mmoja anasema ni rahisi kama maji. Mmoja anataka butoni ya jibu, mwingine anataka muziki, mwingine ameniambia nivo ya 23 haiwezekani kabisa, nikamwambia afikiri tena. Binamu yangu anasema mchezo ni mzuri sana. Sasa nipunguze ugumu ao niache hivyo? Nimsikilize nani?"

Mdogo yangu, faili yako niliipata, nimeicheza siku tatu, na siku mbili kati ya hizo kurant haikuwepo huku Bukavu nikawa nashaji telefone kwa jirani, kwa hiyo ujue nimekugharamia. Kabla ya yote, wazo la chukudu isiyosimama ni zuri kabisa. Mtu wa Goma hahitaji maelezo, toka utoto anaona chukudu inateremka toka Kibumba imejaa mizigo, mwenyewe amepiga goti juu ya ubao, na kila mtu anakimbilia pembeni juu anajua ile kitu haisimami ovyo. Sheria ambayo mtu anaijua kabla hata ya kufungua mchezo ni bahati, wengine wanaitafuta mwaka mzima hawaipati.

Sasa maneno ya watu wako 14.

Dada yangu ni muuguzi ku santre ya afya moja hapa. Anasema watu wetu hawaji na ugonjwa, wanakuja na jina la ugonjwa: "niko na malaria, nipatie dawa ya malaria." Hakuna anayeanza na "toka jana jioni nasikia baridi na viungo vinauma." Akiwapatia kila dawa wanayotaja ataua mtu, na akiwafukuza eti hamjasoma udaktari atakosea vilevile, juu homa iko, kipimo kinaonyesha 39. Njo hali ya mtu anayejaribu mchezo wako. "Punguza ugumu", "weka butoni ya jibu", "tia muziki", hayo yote ni majina ya dawa. Homa ni kwamba alifika pahali fulani, akajaribu kitu fulani, kikakataa, akaweka telefone chini. Akisema ameumia mwamini siku zote, hata kama amesema kwa kukutukana. Akisema kitu cha kubadilisha, msikilize kwa adabu, andika, halafu nenda ukachunguze mwenyewe.

Na mi nikaenda kuichunguza hiyo nivo ya 7. Niieleze kidogo kwa wasomaji wengine. Kuko magunia mawili na soko moja, na soko liko katikati ya uwanja, hakuna jiwe linaloligusa. Kupita juu ya soko bila kusimama haihesabiki. Kwa hiyo ukija toka kushoto unalipita, ukija toka juu unalipita, unabaki kuzunguka kama nzi ndani ya chupa. Jibu lake ni hili: unabeba gunia la kwanza, unateremka mstari wa pembeni ambako jiwe linakusimamisha kwenye mraba wa kulia wa soko, unashusha gunia pale na kuliacha, unazunguka kuchukua la pili, unarudi toka kushoto, unagonga lile la kwanza na kusimama juu ya soko kabisa. Nilipoliona nilicheka peke yangu kama kichaa.

Lakini angalia ulichofanya. Nivo 1 mpaka 6 kila gunia linaenda sokoni, hakuna linalobaki. Ku nivo ya 7 ndio mara ya kwanza gunia moja linabaki nje, na ndio mara ya kwanza gunia lililoshushwa linazuia chukudu. Mambo mapya mawili kwa mpigo mmoja, na hakuna hata moja limetangazwa, isipokuwa kanamba kadogo ka 1 juu ya soko kuonyesha gunia moja linatosha, na kanamba kenyewe ku telefone ndogo kama yangu kanafunikwa na kidole.

Nikapeleka mchezo kwa mama mmoja kijana anayeuza unite na kutuma pesa ku kibanda pale Nyawera. Mumewe anajidai bingwa wa dame, ile ya vifuniko vya chupa, na huyu mama ndiye anamshinda. Nikamwambia cheza tu, usinijali, nikakaa juu ya kasha la chupa nikafunga mdomo. Nivo sita za kwanza alizimaliza bila kuniangalia. Ku ya 7 akatelezesha kulia, chukudu ikapita soko ikaenda kugonga ukuta. Akaanza upya. Akatelezesha tena kulia. Nilihesabu mara kumi na moja. "Hii soko yako inanikimbia," akasema. Mteja akaja kununua unite, akamhudumia, akarudi. Mara ya kumi na mbili akabeba gunia, akateremka upande wa kulia, jiwe likamsimamisha palepale panapotakiwa, gunia analo, na kidole gumba kikabaki hewani juu ya kioo kama sekunde tano hivi, mi roho inanipiga utafikiri ni penalti. Halafu akaondoka nalo. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza ulikuwa unawaza nini pale? Akaniangalia vile mtu anaangalia mjinga: "Nishushe makala njiani? Nani anatupa makala?"

Hilo jibu lisome mara mbili, mdogo yangu. Huyo mama hakushindwa kufikiri. Bei ya gunia la makala anaijua vizuri kuliko we, na mchezo wako wenyewe umemfundisha mara sita kwamba gunia ni mali ya kupeleka. Alifuata ulichomfundisha.

Sikumpa jibu. Nikachukua daftari yake, nikachora miraba minne kwa minne ku ukurasa wa mwisho, kifuniko kimoja cha chupa ndio chukudu, kingine ndio gunia, vipande vya karatasi ndio mawe. Kachumba kadogo ambako njia ya kutoka ni moja tu: ushushe gunia, uondoke, urudi uligonge. Hata ukitaka kukosea hakuna pa kukosea. Alihangaika dakika mbili hivi akisukuma vifuniko, halafu: "Aaaa, kumbe inashika!" Akarudi ku telefone, nivo ya 7 ikaisha, na bila hata kunishukuru akauliza ya 8 inafungukaje, mteja mwingine amesimama pale mkono na noti hewani.

Kwa hiyo nivo ya 7 usiiguse. Weka kachumba hako mbele yake. Na kanamba ka 1 kawe kakubwa, ao uchore soko lenye nafasi ya gunia moja tu ili mtu aone kwa macho.

Kuhusu makala kuna jambo lingine ninalipenda sana, univumilie. Valve, kampuni ya Marekani iliyotoa mchezo wa Portal mwaka 2007, walikuwa na shida iliyo kinyume na yako. Kuna pahali mle ndani mchezaji lazima atembee na sanduku moja toka mwanzo mpaka mwisho, na watu waliokuwa wanajaribu mchezo walikuwa wanaliacha nyuma. Wakalichora moyo kila upande, wakaweka sauti inayolizungumzia kama rafiki yako, na watu wakaanza kulishika kama mtoto, mpaka likatengenezewa midoli ya kuuza. Sanduku lao halikuwa linapendwa, lako linapendwa mno. Kama unataka mtu aliache njiani bila uchungu, lile la kuacha liwe kitu kingine, kasha tupu, shina la mgomba, chochote ambacho mtu wa Majengo anaweza kukiacha barabarani na akalala usingizi. Ao uache makala hivyohivyo, na ule uchungu wa kuliacha uwe sehemu ya fumbo. Mi naona hii ya pili ni tamu zaidi, lakini bila kachumba ka kufundisha haitasimama.

Sasa umeuliza nipunguze ugumu. Ugumu upi? Kuko ule wa mtu anayeona kila kitu, sheria anazijua, mawe anayaona, na bado hajui afanye nini, anaenda kuoga na fumbo kichwani, anarudi na sabuni masikioni kujaribu. Huo usiuguse hata kidogo, watu watakulipa juu ya huo. Kuko ule wa kutoona, kama namba chini ya kidole. Na kuko ule wa mikono, jibu unalijua lakini ni hatua thelathini na ukikosea moja unaanza upya. Hiyo miwili ya mwisho ing'oe yote bila huruma, mchezo utabaki mgumu vilevile.

Michezo migumu inaishi, usiogope. Snakebird ilitoka 2015, ndege wenye mwili wa nyoka, rangi za kupendeza, wengi waliingia wakidhani ni ya watoto wakagonga ukuta mapema kabisa. Noumenon Games walioitengeneza hawakuiharibu, 2019 wakatoa Snakebird Primer, sheria zilezile na mafumbo laini ya kuanzia, na ile ngumu ikabaki pale kwa anayeitaka. Stephen Lavelle alitoa Stephen's Sausage Roll 2016, kazi yenyewe ni kugeuza soseji juu ya moto tu, ngumu toka fumbo la kwanza, na watengenezaji wa mafumbo wanaitaja kwa heshima mpaka leo.

Kinachoua ni foleni. Nivo zako 40 zimepangwa mstari mmoja kama bidoni ku bomba la maji, ya 7 ikiziba basi 33 za nyuma hakuna anayeziona, na we unaniambia watu wanasema mchezo ni mgumu wakati hawajafika hata robo. Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland, 2019, iko na ramani ambamo mafumbo kadhaa yako wazi pamoja, ukishindwa moja unaenda lingine na husumbuliwi na mtu. A Monster's Expedition ya 2020 imefanya visiwa, unatoka pale umekwama unaenda kisiwa kingine na unarudi siku ukitaka. Na we fungua tatu kwa mara moja, akimaliza moja ifunguke nyingine, basi. Hiyo ni kazi ya jioni moja ku kodi ya programu yako, nimeiangalia.

Na hapo yule wa butoni ya jibu unamwona kwa jicho lingine. Homa yake ni kwamba hakuwa na pa kwenda. Ukimpa pa kwenda, nafikiri nusu ya hamu ya jibu inaisha. Kama bado unataka kumsaidia, usimwonyeshe hatua za mwanzo, juu ukimwonyesha mwanzo atafuata kama kondoo na hatajua kwa nini. Mwonyeshe picha ya karibu na mwisho: gunia limekaa kulia ya soko, chukudu iko mbali kushoto na gunia la pili. Limefikaje pale, atafute mwenyewe. Kuna kitu bado cha kugundua na bado atajisifu.

Sasa tufike ku nivo ya 23, na hapa nitakukaripia kidogo.

Uwanja wako ni miraba 64, chukudu moja, magunia mawili. Ukihesabu kila namna ambavyo hivyo vitu vinaweza kukaa, pamoja na chukudu ikiwa imebeba ao haijabeba, haifiki hali 300,000. Kwa mashine hiyo si kitu. Unaanza na hali ya kwanza, unajaribu pande nne na kubeba na kushusha, kila hali mpya unaiandika ku orodha, uliyokwisha kuandika hurudii, unaendelea mpaka hakuna mpya. Niliandika programu hiyo ya Python usiku mmoja, ikapitia nivo zako zote 40 kabla chai yangu haijapoa. Nivo 39 ziko na jibu. Ya 23 haina. Yule mtu alikuwa anasema kweli na we ukamwambia afikiri tena.

Hii kitu ina historia ndefu. Mwaka 1880 Marekani ilishikwa na wazimu wa kasanduku ka vibao 15 vya kutelezesha, miraba 4 kwa 4 na nafasi moja wazi. Baadaye Sam Loyd, mtu wa mafumbo, akaahidi dola 1,000 kwa atakayeweza kubadilisha namba 14 na 15 tu na nyingine zote zibaki pahali pake. Watu walihangaika, na yeye pesa yake ilikuwa imelala salama, juu tayari 1879 wanahesabu wawili, Johnson na Story, walikuwa wameonyesha kwamba nusu ya mipangilio yote haifikiki hata uteleze mpaka uzee, na huo ni mmojawapo. Yeye alijua. We hukujua, hiyo nakupunguzia, lakini mchezaji hawezi kuona tofauti.

Mi mwenyewe nimefanya mabaya zaidi. Mchezo wangu wa kwanza, usiku wa mwisho kabla ya kuutoa, nilihamisha jiwe moja juu niliona halipendezi pale lilipokuwa, na sikujaribu tena ile nivo. Kijana mmoja wa Kadutu alifanya juu yake siku nne. Alikuja nyumbani na daftari, kurasa sita za michoro, kila njia ameifuata mpaka mwisho na kuikata kwa kalamu nyekundu, akasema kwa adabu, "mukubwa, mi nafikiri haiwezekani." Na mi nikamjibu kama vile we ulivyojibu. Wiki moja baadaye nafungua faili kwa ajili ya jambo lingine kabisa, naona lile jiwe. Nilienda kumwomba msamaha, akasema sawa hakuna shida, na tena hakucheza mchezo wangu hata mmoja. Kwa hiyo leo leo mpigie mtu wako, na jina lake liweke ku orodha ya waliosaidia, amestahili kuliko binamu yako.

Ile programu pia imenionyesha kwamba nivo ya 12 na ya 18 ziko na jibu la hatua nne. Najua haikuwa nia yako, umeacha njia ya mkato. Mtu anaweza kupiga kidole ovyo akashinda bila kujua ameshinda vipi, na akifika ku nivo inayohitaji lile somo, halijui. Lucas Pope ku mchezo wake Return of the Obra Dinn, 2018, aliziba hilo vizuri sana: unatafuta majina ya watu 60 na kilichowapata, na mchezo haukuambii umepata mpaka uwe na watatu sahihi pamoja, kwa hiyo kubahatisha kunachosha kuliko kufikiri. We tia jiwe moja tu kuziba mkato, halafu upitishe programu tena. Upitishe tena, narudia, unaona mimi jiwe lilinifanya nini.

Butoni ya kurudi nyuma hatua moja hakuna. Kwa nini hakuna? Uko na kuanza upya tu. Hakuna hata mmoja kati ya 14 aliyekulalamikia hilo na bado mi naliona ndio kosa kubwa kuliko yote, juu watu hawajui kulalamikia kitu ambacho hawajawahi kuona. Yule mama wa Nyawera, kila alipokosea hatua ya nane alikuwa anarudi ya kwanza, na baada ya mara ya tano akaacha kujaribu njia mpya, akawa anarudia ile aliyoijua, kulia, kulia, kulia. Toka enzi za Sokoban, mchezo wa kusukuma masanduku wa Hiroyuki Imabayashi, 1982, kila aliyesukuma sanduku likakwama kona anajua ule uchungu. Weka kurudi nyuma bila kikomo, hata hatua mia. Haipunguzi ugumu hata chembe, inapunguza woga tu.

Namna ya kuwaangalia watu sasa. Naona ulituma faili kwa Xender, ile programu ya kutumiana faili, na kungoja waseme. Usingoje waseme, kaa nao. Kaa pembeni kidogo, angalia kidole si uso, na usifungue mdomo. Usiseme "hii ni rahisi", juu akishindwa rahisi atajiona bure. Akikuuliza "nifanye nini hapa?" mwulize naye "we ungependa kufanya nini?" Akiacha, swali ni moja: ulikuwa unajaribu kufanya nini? Si "umependa?" Ukimuuliza mtu wetu kama amependa chakula chako atasema ndiyo hata kama kimeungua, tumelelewa hivyo. Na watu wapya watunze. Mchezaji mpya ni kama njiti ya kiberiti, inawaka mara moja, akishajua gunia linashika hawezi tena kutojua, kwa hiyo usiwape wote 14 siku moja faili moja. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kurasa za intaneti kwa watumiaji, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, yeye alikuwa anazungumzia kurasa za intaneti na si mafumbo, lakini mi nafanya hivyo: watatu ao wanne, narekebisha, wengine watatu.

Kwa wale wa mbali, mchezo uandike wenyewe ndani ya kafaili kadogo: nivo, idadi ya hatua, mara ngapi ameanza upya, mwisho aliishia wapi. Usitume kwa intaneti, mega ni ghali, akutumie siku mkikutana. Hesabu hatua, usihesabu dakika, juu dakika kumi ku nivo ya 3 inaweza kuwa ni mteja amekuja ao mtoto amelia.

Binamu yako uliangalia ameishia wapi? Mi natia dau hajafika ya 5. Wanaosema "mzuri sana" na hawarudi ndio homa ya kimya, watafute hao kwanza. Yule wa "rahisi kama maji" ni mtu wa thamani lakini si kipimo, usijenge mchezo kwa ajili yake peke yake, mpatie nivo za mwisho kabla ya wengine na umwombe atafute njia za mkato, atafurahi kukuonyesha kwa majivuno. Muziki, weka ukitaka, na butoni ya kuunyamazisha. Magunia mekundu na ya kijani uyape na alama tofauti pia, kuko watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao hizo rangi mbili hawazitenganishi, na hata mwenye macho mazima akiwa juani haoni kitu. Maandishi ya Kifaransa ya mwanzo hakuna aliyeyasoma mbele yangu, yule mama aliyafunga kabla hayajamaliza kufunguka. Yatoe.

Ukimaliza kachumba, nitumie, nitarudi Nyawera na mtu mwingine, juu yule wa kwanza kiberiti kimekwisha waka. Amefika ya 16 na mumewe analalamika.

Na nivo ya 31 usiibadilishe hata jiwe moja. Programu yangu inasema jibu liko, hatua 27, na mi nimekataa kulifungua. Niko pale toka juzi. Usinitumie jibu.